Kijana wa Visiwani

Mimi ni mtu wa kushuku. Nasema mapema ili mtu asije akanishangaa huko mbele. Ukiniuzia dagaa nitazamisha mkono mpaka chini ya gunia, maana juu wanaweka waliokauka na chini wanaficha wenye unyevu. Ukinisifia gauni, nitajiuliza unataka nini. Nimeuza samaki Kemondo, karibu na bandari, tangu mwanangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na kazi ile haimlei mtu mwepesi wa kuamini.

Sasa mtu kama mimi, mpe mtoto anayecheza mpira. Halafu mpe na redio.

Mwanangu alichukuliwa na timu moja ya Bukoba mjini, akiwa mgeni kabisa kwenye soka la watu wazima. Msimu uleule wakachukua kijana mwingine, naye mgeni, mtoto wa Ijuganyondo, na wote wawili wanacheza namba kumi. Huyo kumi ndiye anakaa nyuma ya mshambuliaji na kupanga mchezo, timu nzima inamwangalia yeye. Nafasi ni moja. Kocha akawa anawabadilisha, leo huyu, wiki ijayo yule, na wanaume wa kijiweni kwetu wakapata kazi ya kudumu.

Kijiwe chenyewe ni kibanda cha kinyozi kilicho jirani na meza yangu. Kinyozi ni Mhaya wa Maruku, mtu wa kuchomeka Kiingereza, na ile "waitu" yao, yaani jamani, hata akiwa amekunyoa nusu kichwa, na yeye alikuwa upande wa kijana wa Ijuganyondo. Upande wa mwanangu alikuwapo dereva mmoja wa bodaboda, mtu wa Muleba, mwenye sauti kama honi. Waliobaki walihama kila wiki kufuata matokeo.

"Wa kwetu ana shuti," kinyozi anasema. "Ana mwili. Huyo mwingine mwembamba, beki akikohoa tu, chini."

"Shuti gani? Mashuti yake yote yanatafuta ziwa! Mwenzake anatoa pasi kabla hujajua kuna mtu pale."

"Pasi si goli, waitu."

"Na goli bila pasi mnafunga kwa maombi?"

Mimi napara samaki wangu, najifanya sisikii. Waliniita Mama Kumi, na nilipenda, ingawa niliwajibu kwa kuwarushia magamba.

Kilichotuunganisha, kinyozi na bodaboda na mimi, ni kumshuku mtangazaji. Alikuwa mtangazaji wa michezo wa redio moja ya mjini, ndiye anayetangaza mechi na ndiye anayechambua jioni. Bodaboda alisema anampendelea wa Ijuganyondo. Kinyozi naye, eti anampendelea mwanangu kwa siri, ndiyo maana anamkosoa taratibu! Kila mtu alikuwa na ushahidi wake. Wangu mimi ulikuwa mkubwa kuliko wote, kwa sababu ulihusu jina.

Kijana wa Ijuganyondo alitajwa kamili, jina lake na la baba yake, kila akigusa mpira. Mwanangu akigusa, ni "kijana wa visiwani." Kijana wa visiwani anapokea. Kijana wa visiwani anageuka. Siku moja alitoa pasi ikazaa goli, kijiwe kizima kikasimama, na mtangazaji akasema, "Pasi safi kabisa kutoka katikati!"

"Katikati!" nikapiga kelele na kisu mkononi. "Katikati ndiyo imepiga pasi? Katikati ina miguu?"

Na si hilo tu. Wa Ijuganyondo akipoteza mpira, ni bahati mbaya. Mwanangu akipoteza, ni papara. Nilisikiliza kwa makini mechi baada ya mechi, na kila mara ilikuwa hivyohivyo. Machale yakanicheza. Nikasema hapa pana namna.

Naomba nieleweke kwa nini jina liliniuma hivyo. Baba yake mwanangu alituacha mtoto hajaanza shule. Sisi si wenyeji wa huku, tulikuja kutoka ng'ambo ya ziwa kufuata samaki, na mjini wavuvi wa kuja kama sisi wote huitwa watu wa visiwani. Yeye akavuka kwenda kambi moja ya uvuvi, visiwa vya Muleba, akaniambia ni kwa msimu mmoja tu. Akapata mwanamke huko, na msimu wake haujaisha mpaka leo. Mtoto anatumia jina lake, kama watoto wote wanavyotumia ya baba zao. Na huko kambini, nilikaa kidogo najua, redio haizimwi. Basi nilitaka lile jina litajwe hewani, la mwana na la baba, limpige sikioni akiwa anashona nyavu. Ajue alichokitupa. Hilo tu nililitaka kwa dunia hii. Sikutaka arudi. Niliapa mara nyingi sana kwamba sikutaka arudi.

Siku moja bodaboda akaja mbio, hata injini hakuzima. Alikuwa amepeleka abiria Ijuganyondo, na akamwona mtangazaji kwa macho yake mawili. Alikuwa amekaa barazani kwa baba yake yule kijana, miguu ameinyoosha, anatafuna kahawa.

Kwa Wahaya mgeni anakaribishwa kwa kahawa kavu za kutafuna, na kwa wazee wa zamani, watu wawili wakigawana punje za tunda moja la kahawa walikuwa wameshakuwa ndugu. Kinyozi, ambaye ndiye Mhaya, alijikuna kidevu akasema kahawa ni heshima tu, hainunui mtu.

"Aa, wapi!" nikasema. "Amekula kahawa yao, na jina la mwanangu amelimeza pamoja nayo."

Sentensi ile ilizunguka Kemondo nzima. Jumamosi iliyofuata, watu walikuwa wanamwambia mtangazaji kwenye simu za wasikilizaji: wewe umekula kahawa. Mmoja, wa pili, wa tatu. Naye hakujitetea. Alisema tu, "Asante kwa maoni yako, tuendelee." Mtu asiye na hatia hujitetea bwana! Hivyo ndivyo nilivyoamini. Nikafunga meza, nikapanda basi dogo kwenda Bukoba kumkabili.

Nilimkuta nje ya uwanja baada ya mechi, anakunja waya za mashine zake. Nilitegemea mtu mkubwa, kwa ile sauti. Kumbe ni kijana mfupi, kola imechakaa. Nilimshika mkono wa shati.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba ya nini? Mwanangu mimi hana jina?"

Alinitazama, na nikaona kabisa amenijua mimi ni nani. Uso ulimbadilika. Akaingiza mkono mfukoni akatoa kifurushi kidogo cha jani la mgomba, akakifungua. Kahawa. "Karibu kwanza, mama."

Loo! Mchana kweupe! Niliupiga mkono wake, kahawa zikamwagika kwenye majani. Watu waligeuka. Nilimwambia kwamba mimi sinunuliwi, kwamba wameshamnunua yeye inatosha, na kwamba Mungu anasikiliza redio pia.

Aliinama akaziokota moja moja. Akasema taratibu, "Kahawa nakula kila nyumba. Nyumba gani ya Kihaya nimeingia nikatoka bila kahawa? Hilo la jina, mama, kamuulize mwenyewe."

"Nimuulize nani?"

"Mwenye jina."

Nilirudi Kemondo nachemka. Nikasema ujanja huo, anataka kunigombanisha na mwanangu. Lakini sikulala vizuri.

Jumatatu wachezaji wanapumzika, na Jumatatu mwanangu huja kula kwangu. Nilipika ndizi na sato. Nilimwacha ale kwanza, maana nikimuuliza jambo akiwa na njaa huwa ananijibu ndiyo-ndiyo tu. Alipomaliza, akiwa anafyonza kichwa cha samaki, nikamuuliza.

Alikirudisha kile kichwa kwenye sahani.

"Nilimwomba mimi," akasema.

"Ulimwomba nini?"

"Asinitaje. Tangu mechi ya kwanza. Nilimwambia aniite vyovyote anavyotaka, ila si kwa jina."

Nilikaa chini. Nikamwambia basi si angesema jina la kwanza tu, aache la baba. Akatikisa kichwa. Hilo la kwanza ni la babu mzaa baba, akanikumbusha, nani mwingine anaitwa hivyo visiwa vile? Baba akilisikia tu, atajua.

"Si ajue!" nikasema. "Ajue! Aje aone!"

"Ndiyo, mama. Najua unataka aje."

"Nani anataka? Mimi? Nimtake yule?"

Hakupandisha sauti. Heri angepandisha. "Akija atakaa kwenye kile kiti pale," akasema, "atasema huyu ni mwanangu, damu yangu, na wewe utampikia samaki. Utampa kichwa. Halafu akichoka ataondoka tena, na mimi ndiye nitakuwa hapa tena na wewe. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka ulivyokuwa. Sitaki, mama."

Nilikasirika. Nilimwita mtoto asiye na adabu, nikamwambia hajui lolote, nikachukua sahani nikaenda nazo nje kuziosha. Nikaziosha mara mbili. Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli. Ningempikia. Nilikuwa nimeshafikiria hata kanga nitakayovaa.

Nilipoingia ndani alikuwa amelala mkekani, miguu imevimba kwa viatu vya mpira. Nikamfunika. Hatukusema tena habari ile, wala hatujaisema mpaka leo.

Siku ya mechi iliyofuata nilikwenda tena mjini, mchana, muda mfupi kabla ya mchezo, nikamtafuta mtangazaji. Sikuwa na maneno mengi. Nilimwambia nimemuuliza mwenye jina, na nilimwambia pole kwa matusi aliyoyala, hasa yale yaliyotoka kwangu. Akasema amezoea.

"Ulinyamaza vile watu wakikutukana," nikasema.

"Aliniomba, mama. Nikakubali."

"Na ile ya papara?"

Akacheka. "Ile ya papara ni yangu mwenyewe. Mechi zile alikuwa na papara kweli."

Nikamwambia hajui mpira, na nilimaanisha. Akatoa kile kifurushi cha jani la mgomba. Safari hii nilinyoosha mkono. Akapasua tunda moja, punje moja akaitia mdomoni mwake, nyingine akanipa mimi, na nyingine kadhaa akanitilia kiganjani za kutafuna njiani. Ni chungu mwanzoni, halafu mdomo wote unachangamka.

Nilifika Kemondo mpira umeshaanza. Kijiwe kimejaa, redio iko juu ya kabati la kinyozi, na mwanangu ameanzishwa. Sikufungua meza. Nilikaa kwenye benchi katikati yao natafuna kahawa yangu. Kijana wa visiwani anapokea, redio ikasema. Kijana wa visiwani anamtoka mmoja. Bodaboda alinigeukia, na kinyozi akasimamisha mashine juu ya kichwa cha mteja. Walikuwa wananisubiri nilipuke.

Nikatia punje nyingine mdomoni.

"Mama Kumi," bodaboda akasema, "umesikia? Hana jina tena."

"Nimesikia. Acha mtu afanye kazi yake."

Weee! Ungedhani nimewamwagia maji. Kinyozi alikuja akainama mbele yangu na mashine yake inanguruma. "Unatafuna nini wewe?" akauliza. "Hebu fungua mdomo. Fungua!" Halafu akageukia watu, mikono juu. "Kahawa! Ee waitu! Wamemnunua na mama mzazi!"

Kijiwe kililipuka. Bodaboda, aliyemtetea mwanangu msimu mzima mpaka sauti inakauka, alinitazama kama mtu aliyeibiwa. "Hata wewe?" akasema. "Mwanao mwenyewe?" Akahama benchi. Kwa kweli iliniuma. Sentensi moja tu ingenisafisha, na nilikuwa nayo ulimini. Lakini Kemondo ni bandari. Neno likisemwa kibandani mchana, jioni limepanda mtumbwi, na mitumbwi ile inakwenda visiwani. Nikafunga mdomo nikaendelea kutafuna.

Wakiwa bado wananizomea, mtangazaji akapandisha sauti. Kijana wa visiwani, yuko peke yake, kijana wa visiwani, anapiga, goooli! Kijana wa visiwani! Kibanda kilitikisika. Mteja aliruka na kitambaa shingoni, na bodaboda akasahau kuninunia, akanikumbatia.

Huko kambini redio ilikuwa wazi, bila shaka. Yule mtu alisikia kama sisi tulivyosikia, kwamba kijana wa visiwani amefunga. Na yeye ni mtu wa visiwani siku hizi. Nadhani alishangilia.

Nikatema ganda la kahawa, nikamwambia kinyozi aongeze sauti.