Landrova Iliyogoma Kutetemeka Mjini

Mwanangu, kaa hapa kidogo. Kuna Jumamosi moja naikumbuka kila nikipita mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, Jumamosi ya miaka ile ya vijiji vya ujamaa, siku niliyokaribia kunyang'anywa ufunguo wa gari kwa kosa ambalo halikuwa langu. Nimekuita kwa sababu nasikia umepewa cheo kazini, na jana nilikusikia kwenye simu ukimfokea mtu aliye chini yako, ukimtishia barua ya kufukuzwa. Sikupenda. Lakini sitakugombeza, nitakusimulia tu.

Nilikuwa dereva wa kijiji. Kijiji chetu kilikuwa huko Kisarawe, ndani ndani kabisa, na gari lilikuwa moja tu, landrova kuukuu ya kijani. Mkutano wa kijiji ndio ulionichagua nikajifunze udereva, na niliporudi na leseni mama yangu alipiga vigelegele utadhani naoa. Gari lile lilibeba korosho, mbegu, wagonjwa, na zaidi ya wote kina mama wa kwenda kujifungua. Nililipenda mno, bwana wee. Nililiosha hata siku za mvua, watu wakawa wananicheka.

Basi gari likaanza ugonjwa. Likiwa limejaa, ukikanyaga mafuta kidogo halafu tairi la mbele likagonga shimo, usukani unaanza kucheza. Unapiga huku na huku, gari zima linatikisika kama ungo wa kupepetea mchele, na huna la kufanya ila kuushikilia kwa nguvu zako zote na kupunguza mwendo mpaka utulie. Mara ya mwisho nilikuwa nimembeba mama mwenye uchungu, na Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Salumu, ameketi mbele pembeni yangu. Tuliponea chupuchupu kuingia mtaroni. Mama alifika hospitali na mtoto akazaliwa salama, lakini Mzee Salumu alishuka midomo imemkauka.

"Huyu kijana anaendesha kwa sifa," aliuambia mkutano.

Watu wote wakanigeukia. Ikaamuliwa gari lipelekwe kwa fundi Dar es Salaam, na Mzee Salumu aende nami. Fundi akiliona bovu, litengenezwe. Akiliona zima, nikabidhi ufunguo huko huko, atafutwe dereva mtu mzima. Usiku ule sikupata usingizi, maana nje ya usukani ule sikuwa na kitu kingine cha kujivunia.

Fundi tuliyemwendea alikuwa Mzee Mapunda, mtu wa Songea. Gereji yake ilikuwa kiwanja cha mchanga uliokuwa mweusi kwa oili, karibu na reli, huko Gerezani. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na hasira zake zilikuwa karibu. Nilimwamkia, naye kabla hajamaliza kusema marahaba nikamwanza: "Mzee, shokapu ya usukani, ile ya kuuzuia usicheze, imekufa. Nasikia kuna duka hapo Kariakoo wanayo moja, wanauza kimya kimya."

Lazima nikueleze hapo. Spea zilikuwa adimu siku zile, na sisi madereva tulikuwa na kichaa chetu: tukisikia kifaa fulani kimeonekana mjini, basi hicho ndicho kilichokufa kwenye magari yetu yote. Wiki ile mjini kulikuwa na shokapu.

Mzee Mapunda akajifuta mikono taratibu. "Wewe umeniletea gari au umeniletea dawa?" akaniuliza. "Hebu nipe ufunguo."

Akaendesha mwenyewe, sisi wawili pembeni yake. Tukashika barabara ya Msimbazi, tukalizunguka soko la Kariakoo, tukarudi. Aligonga mashimo makusudi, akakanyaga mafuta pale barabara ilipomruhusu. Wapi! Gari lilitembea kama bibi harusi, usukani haukutingishika hata kidogo. Nililichukia gari lile, mwanangu, nikalitukana moyoni. Tuliposhuka, Mzee Salumu akamnyooshea fundi mkono, kiganja juu, akimaanisha ufunguo.

Aibu ni kitu kibaya. Ilinifanya nianze kuamini yale niliyojua si kweli. Nikasema kwa sauti ya chini, "Labda ni mimi, Mzee. Labda ni mikono yangu."

Mzee Mapunda aliushikilia ufunguo, hakumpa yeye wala mimi. "Kijana, usukani ulikuwa mikononi mwako. Mara hii umeshasahau?" Kisha akamgeukia mwenzake. "Ndugu Mwenyekiti, siku lilipotetemeka mlikuwa wangapi humu?"

"Gari lilijaa," alisema Mzee Salumu. "Watu nyuma pomoni, na magunia ya muhogo."

"Leo tuko watatu, tena tumekaa mbele wote. Hili siyo gari mlilopanda siku ile. Tulipakie."

Tulipakie nani sasa? Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la ushirika, na mbele yake foleni ya sukari. Duka lilikuwa halijafunguliwa, lori la sukari lilikuwa halijafika, na watu wenyewe walikuwa wamekaa kivulini. Waliosimama foleni ni mawe, ndala na makopo, kila kimoja kikimshikia mwenyewe nafasi yake. Ndivyo tulivyokuwa tukipanga siku hizo. Mzee Salumu akavuka, maana ulimi wake ulikuwa wa mikutano, akawaeleza kina mama kwamba gari hili ndilo linalowapeleka wazazi hospitali, na ugonjwa wake hauonekani mpaka lijae.

Mama mmoja wa miraba minne, wakimwita Mama Zuhura, akainuka. "Gari la wazazi? Twendeni, jamani. Ila nikikosa sukari, Mwenyekiti, utaingia wewe kwenye chai yangu."

Wakacheka, wakapanda wakabanana. Mawe yao waliyaacha kwa mzee mmoja wa Kihindi, fundi cherehani wa mtaa ule, ambaye naye ndala zake zilikuwa kwenye foleni. Mzee Mapunda akanipa ufunguo. "Endesha wewe," akasema, "kama unavyoendesha kwenu."

Nikashika barabara ya Pugu. Tulipofika panapokatiza reli nikavuka kwa mwendo wangu wa kawaida, tairi likadunda, na hapo hapo ugonjwa ukaja wote. Usukani ukanipiga viganja, kina mama wakapiga mayowe, Mama Zuhura akawaita mitume wote anaowajua. Nikaushikilia, nikaachia mafuta polepole, nikauvumilia mpaka gari likatulia ukingoni mwa barabara. Mzee Mapunda alikuwa anacheka kwa mara ya kwanza. "Huyo! Amekuja mwenyewe!" alisema, kana kwamba amepokea mgeni. Mzee Salumu hakucheka. Muda wote gari lilipokuwa likitikisika alikuwa haangalii barabara, anaangalia mikono yangu.

Kurudi gerejini, gari likanyanyuliwa kwa jeki. Mzee Mapunda akalishika tairi la mbele juu na chini, akalisukuma na kulivuta, nikasikia kabisa linagonga. Kwenye maungio, pale tairi linapogeukia kona, ndipo palipokuwa pamelika na kulegea. Akanieleza kwamba gari likijaa nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, na kilicholegea kinapata nafasi ya kucheza. "Hiyo shokapu yako mpya ingelinyamazisha tu," alisema. "Ungekwenda kwa raha siku kadhaa, halafu ungelala mtaroni na mzazi mwingine."

Unajua alilitibu kwa kitu gani? Hakuongeza kitu chochote. Pale kwenye maungio mna vibati vyembamba vya chuma vinavyoacha nafasi, akafungua akatoa kimoja ili pabane. Akatuma kuazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza samaki wakavu, akaifunga kwenye mkono wa usukani, akavuta polepole huku akitazama mshale, apime pamekaza kiasi gani. Haikumridhisha. Akatoa kingine, akavuta tena, akaguna, akafunga nati zake. Gereji nzima ilikuwa inanuka papa.

Kina mama wale wale wakapanda tena bila kuombwa. Tukavuka reli kwenda, tukavuka kurudi, na usukani ukatulia mikononi mwangu. Lakini tuliporudi tukakuta lori la sukari limefika na duka limefunguliwa, nikajua nimewakosesha watu sukari. Kumbe yule mzee fundi cherehani alikuwa anainama na kuyasogeza mawe yao mbele, moja moja, kila foleni ilipokwenda. Jiwe la Mama Zuhura lilikuwa karibu na mlango, na hakuna mtu aliyelivuka. Nayakumbuka mawe yale mpaka leo, mwanangu. Tulikuwa hatuna vitu, lakini ukiacha jiwe lako uliheshimika kama uliyesimama mwenyewe.

Hapo mbele ya foleni, Mzee Salumu akaniomba ufunguo. Nikampa, nikashtuka kidogo. Akaushika, akanirudishia kwa mikono miwili. "Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilipanda na wewe, lakini sikukutazama." Nikalia mbele ya kina mama wote wale, wala sikuona haya.

Basi nasaha yangu ni hii. Jambo ulilolishika kwa mikono yako usilikane kwa sababu ya aibu, hata kama wote wanaliona halipo. Na huyo mtu uliyekuwa unamfokea, usimpime kwa siku zile mambo yake yakiwa mepesi. Umejuaje amebeba nini? Kesho, kabla hujamwandikia barua yako, nenda ukakae pembeni yake siku nzima ya kazi, siku yenye mzigo, uitazame mikono yake. Ukiona kweli ni mzembe, haya, mwandikie. Lakini ukaone kwanza.

Mungu akupe mikono isiyoachia usukani, na akujalie mtu wa kulisogeza jiwe lako siku utakapokuwa mbali. Nenda, mwanangu, umpigie simu sasa hivi, kabla hajalala na maneno yako.