Ukibadilisha Fataki, Anza Upya

Siku yangu ya kwanza kazini, Louisville, Marekani, msimamizi wa karakana aliniwekea vitu vinne mezani, akaniambia nisiguse mashine mpaka niweze kuvieleza. Karakana ilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la bunduki za kuwindia. Tulishindilia risasi kwa mkono, moja moja, kwa oda za wateja. Msimamizi alikuwa mzee mwenye vifaa vya kusikia kwenye masikio yote mawili.

"Mashine haisamehe," alisema, "na mimi sisikii. Kwa hiyo andika."

Kitu cha kwanza kilikuwa ganda, yaani kikombe kirefu cha shaba kinachobeba vingine vyote. Cha pili, fataki, kidude kidogo kuliko kifungo cha shati. Hukaa kitakoni mwa ganda na huwaka kinapogongwa. Cha tatu, baruti. Cha nne, kichwa, ambacho ndicho kinachoruka. Watu wengi hukiita kichwa peke yake risasi, lakini kwa fundi risasi ni vyote vinne vikiwa pamoja.

"Utajuaje kwamba vinafaa?" aliniuliza.

"Vikiingiana, vinafaa."

"Jibu hilo litamtoa mtu jicho," alisema, akaenda kunywa kahawa yake.

Mimi ni Mrundi niliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, na shule yangu iliishia darasa la saba. Nilinunua vitabu vikuukuu vya majedwali ya upakiaji, yaani vipimo vya baruti kwa kila aina ya risasi, nikavisoma na kamusi saa ya mapumziko. Neno lililonishinda nilimpelekea binti yangu Neema. Alinijibu kwa Kiingereza, nami nikaandika kwa Kiswahili kwenye daftari la jalada gumu. Nilikaa Louisville miaka minne, na niliyojifunza huko naweza kuyaeleza kwa ufupi.

Ndani ya bunduki, baruti inageuka gesi, na gesi hiyo inasukuma kila upande. Nafasi ikipungua, msukumo unapanda. Ganda la kiwanda kimoja linaweza kuwa na kuta nene kuliko la kiwanda kingine. Kwa nje huoni tofauti, ila ndani nafasi ni ndogo. Kichwa kizito zaidi, au kilichozamishwa zaidi shingoni mwa ganda, nacho hubadilisha msukumo. Fataki yenye mwako mkali huiwasha baruti kwa namna nyingine kabisa. Kwa baruti yenyewe hakuna mjadala: aina moja haishiki nafasi ya nyingine kamwe. Ndiyo maana kanuni ya kwanza katika daftari langu inasema: ukibadilisha kimoja, rudi kipimo cha chini cha baruti, anza upya, panda polepole, pima kasi ya kichwa. Ukibadilisha viwili kwa pamoja, hata risasi ikienda vizuri hutajua kwa nini.

Niliijua kanuni hiyo kwa moyo. Hata hivyo niliivunja.

Hiyo ilikuwa Columbus. Tulihamia mtaa wa Northland kwa sababu ndugu wa mke wangu walikuwa huko, na nikapata kazi katika karakana kitongoji cha Gahanna. Meneja alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyepima kila kitu mara mbili. Jirani yangu mezani alikuwa Mama Riziki, Mkongo wa Uvira. Yeye alichagua na kusafisha maganda, mimi nikaweka fataki, baruti na kichwa.

Msimu wa kuwinda ulipokaribia, oda zilijaa. Asubuhi moja fataki zetu za kawaida ziliisha nikiwa katikati ya oda ya dereva mstaafu wa basi, mteja wa miaka mingi. Rafuni palikuwa na sanduku la fataki za kiwanda kingine, kipimo kilekile. Ziliingia bila shida. Nikaendelea, sikusema neno.

Msomaji ambaye hakuishi kambini ataona huo ni uzembe tu. Siku ya mgao tulipanga foleni mbele ya dirisha. Ukimwambia karani kwamba mafuta yamekwisha, au pipa la maharage limebaki tupu, dirisha lilifungwa na foleni nzima ikarudi mikono mitupu mpaka wiki nyingine. Kwa hiyo tulifundishana tangu utotoni: kilichopo kipokee, kilichokosekana kinyamazie. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano, mbali sana na dirisha lile, na bado nilinyamaza.

Kesho yake, wakati wa chai, nilipima uzito wa maganda yaliyobaki kwenye trei ya Mama Riziki, kwa mazoea tu. Yalikuwa mazito kuliko ya daima. Ganda zito ni ganda nene.

"Mama Riziki, maganda haya yametoka wapi?"

"Bon, ile ya zamani ilishakwisha tangu jana, Baba Neema. Nikaweka hii ingine. Si iko sawa tu?"

"Ulimwambia meneja?"

"Nimwambie nini? Ili afunge kazi?" Akacheka. "Na we unauliza kama polisi."

Nikamwambia kuhusu fataki. Kicheko kikakoma. Vitu viwili vilikuwa vimebadilika katika oda moja, ganda nene na fataki ya mwako mkali zaidi, vyote kuelekea msukumo mkubwa zaidi, na kipimo cha baruti kilikuwa kilekile cha zamani. Nilikimbilia rafu ya oda zilizo tayari. Dereva alikuwa amekwisha kuchukua risasi zake, na alikuwa na desturi ya kuzijaribu siku hiyohiyo kwenye uwanja wa shabaha.

"Usiseme," Mama Riziki alininong'oneza, akinishika mkono wa shati. "Donc unataka turudi ku nyumba sisi wote wawili? Niko na watoto wane. Labda haitafanya kitu."

"Labda," nilimjibu. "Lakini bunduki ikipasuka, uso ni wake, si wetu."

Nikaingia kwa meneja nikamwambia nilichobadilisha, kwa mpangilio, kama nilivyozoea kuandika. Alikuwa ameshashika simu kabla sijamaliza. Iliita mara nyingi. Dereva alipopokea, alisema ameshapiga tatu, na bunduki imempiga bega kuliko kawaida. Tena komeo, chuma kinachofungia ganda ndani ya bunduki, lilikuwa gumu kufunguka, akawa anatafuta kitu cha kuligongea apige ya nne.

"Usiligonge. Weka bunduki chini," meneja alimwambia. "Naja."

Aliporudi alimwaga maganda matatu mezani. Fataki zilikuwa bapa kama zilizopigwa nyundo, na ganda la tatu lilikuwa na ufa mwembamba karibu na kitako. Hakupandisha sauti.

"Fataki ni zako. Na maganda?"

La kwangu nilikuwa nimelisema; hilo halikuwa langu kulisema.

"Ni miye," Mama Riziki alisema kutoka mlangoni. "Ilikwisha, nikaogopa kusema."

Meneja alimbakiza. Mimi aliniachisha kazi. "Yeye hakujua," aliniambia. "Wewe una daftari." Alisema kweli, na hata leo nakubali.

Miezi kadhaa baadaye karakana moja ya Buffalo ilinitaka. Nilimpa msimamizi wa huko namba ya meneja wa Columbus amwulize kuhusu kazi yangu, kwa sababu sikuwa na nyingine. Alipokata simu aliniambia, "Amesema ulivunja kanuni, ukaja kujishtaki mwenyewe. Anza Jumatatu." Nikanunua nyumba kuukuu mtaa wa Black Rock, na mpaka nilipostaafu kazi yangu ikawa ukaguzi na kufundisha wageni, wengi wao Warundi na Wakongo. Niliwafundisha majedwali, mizani na kipima kasi. Lakini kabla ya hayo yote nilimtaka kila mmoja aseme kwa sauti, mbele ya wenzake: "Kimekwisha." Walicheka. Wengine iliwachukua wiki kadhaa mpaka neno litoke bila aibu.

Niliacha kazi mwaka jana, nikiwa na miaka hamsini na minane, kwa sababu vidole havikuweza tena kushika fataki bila kutetemeka. Siku ya mwisho nilikuwa nikifuta jina langu kwenye kabati, ndipo dada mmoja wa Kirundi, aliyekuwa na siku tatu tu kazini, akapaza sauti kutoka meza ya mwisho:

"Baba, fataki zimekwisha!"

Mashine zote zikasimama. Msimamizi akaja, akatazama trei yake tupu, akamwambia, "Asante. Tungoje zije zilezile." Yule dada akaketi, mikono mapajani, akangoja pamoja na sisi wote.