Amplifaya ya Mtu Mmoja

Kama hujawahi kubeba amplifaya kubwa ya gitaa kutoka kwenye buti la gari hadi jukwaani, mshukuru Mungu kwa ajili ya kiuno chako. Yangu ilikuwa na spika mbili, ngozi nyeusi iliyochunika pembeni, na vishikio viwili, kimoja kila upande, kwa sababu aliyeiunda alijua vizuri kwamba si mzigo wa mtu mmoja. Kila Jumapili tuliitoa garini, tukaipandisha ngazi za ukumbi wa shule ambao kanisa letu la Wakongo lilikuwa linaukodi, huku Rooty Hill, magharibi ya Sydney, na baada ya ibada tukairudisha. Mimi nilishika kishikio cha kushoto. Cha kulia alikishika mwenzangu wa kwaya, mtu aliyenizidi umri kidogo, dereva wa malori ya makontena ya Port Botany. Nilimwita Grand, kama tunavyowaita kaka wakubwa kwetu Uvira, naye aliniita Petit, yaani mdogo wake. Yeye alipiga akompa, yaani lile gitaa linaloshikilia wimbo usianguke. Mimi nilipiga solo, lile linalosifiwa.

Yeye hakuwa na amplifaya. Alichomeka waya wake kwenye spika za kanisa, basi. Lakini kishikio cha kulia kilikuwa chake, hakuna aliyempangia, na kila tulipofika ngazi ya mwisho alisema maneno yale yale huku akihema:

“Petit, unatafuta sauti ao unatafuta ukubwa?”

Nilikasirika kila mara, na sikuona haya kukasirika. Aliyekulia na umeme hawezi kunielewa. Mimi gitaa nilijifunzia kambini, Kigoma, tukilichomeka kwenye redio ya kaseti iliyopasuka spika. Betri zikichoka tulizianika juani zipate nguvu ya wimbo mmoja zaidi. Nilijiapiza kwamba siku nikifika mahali ambapo umeme unatoka ukutani bila kuombwa, nitapiga gitaa mpaka viziwi waitikie. Nilipofika Sydney nilinunua ile kubwa kabla hatujanunua kitanda cha maana. Mke wangu hajasahau jambo hilo, na sitegemei atalisahau.

Kisha Corona ikaja, makanisa yakafungwa. Ile kubwa ikabaki sebuleni kando ya televisheni. Mke wangu aliitandikia kitambaa, akaweka pasi juu yake na nguo zinazosubiri kunyooshwa. Anawatunza wazee kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku, kwa hiyo mchana analala, na kuta za fleti yetu ni nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya tunamwambia pole. Siku moja uvumilivu ulinishinda. Niliondoa pasi, nikawasha, nikagusa uzi mmoja tu. Vikombe vikalia kabatini na mlango wa chumba ukafunguka.

“Chéri, nimetoka night shift,” alisema mke wangu, macho hayajafunguka vizuri. “Zima hilo debe lako tupu.”

Nilizima. Na wiki ile ile alirudi kutoka kazini na kisanduku mkononi, akakiweka mezani kando ya sukari. Ndani mlikuwa na amplifaya ya ukubwa wa mkate, nyepesi kama kuku wa mayai, yenye spika ya upana wa kisahani cha chai na betri ya kuchaji. Ilikuwa na kamba ya kuvaa begani, kama mkoba wa mwanamke.

“Hii ni ya mtoto,” nilisema.

“Ni ya mtu mmoja,” alijibu. “Na mtu mwenyewe ni wewe. Kanisa limefungwa, unataka kumpigia nani mwingine?”

Nilinuna hadi chai ikapoa. Halafu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ananitazama, niliichomeka. Sikutarajia kitu. Sasa nasema wazi, maana shukrani ya moyoni tu haimshibishi aliyetoa: kile kisanduku kilinipa muziki wangu upya. Kwa mara ya kwanza nilisikia vidole vyangu. Ile kubwa ilikuwa inajaza ukumbi, na katika kujaza ilifunika kila kitu, makosa yangu na mazuri yangu pia. Hii ndogo ilisema nilichofanya, haikuongeza neno. Nikiteleza, iliteleza. Nikibembeleza uzi, ilibembeleza, na mke wangu alikoroma chumba cha pili kwa amani ya Bwana. Niliibeba jikoni nikapiga huku maharage yanachemka. Niliitoa kwenye kibaraza nikapiga nikitazama reli, treni zikipita tupu. Nilizoea kuivaa begani hata ninapotafuta chumvi.

Jioni, baada ya kazi, mimi na Grand tulipigiana simu. Kupiga pamoja hakukuwezekana, sauti ya simu inachelewa, kila mmoja anamwona mwenzake amepotea. Basi tukabuni namna yetu. Yeye anapiga akompa kwa gitaa lake kavu, bila umeme, ananyamaza. Mimi najibu kwa solo kupitia kile kisanduku, nanyamaza. Ilikuwa kama watu wawili wanaosalimiana kila mmoja upande wake wa mto. Siku ya kwanza nilipomaliza kumjibu nilisikia akiliweka gitaa lake chini.

“Petit,” alisema, “miaka yote hii niko kando yako kanisani. Leo ndiyo niko nakusikia.”

Niliuliza kama hayo ni matusi. Alicheka sana, kicheko cha dereva, cha mtu aliyezoea kucheka peke yake ndani ya lori. Akaniambia nisiiuze hiyo ndogo hata nikilala njaa.

Makanisa yalifunguliwa, tukabeba tena ile kubwa, kushoto na kulia. Halafu mwaka uliofuata mji ukafungwa tena, na safari hii magharibi yetu ilifungwa kuliko kwa wengine. Ruhusa ilikuwa ya kazi, chakula, na mazoezi karibu na nyumbani. Ni katika majuma hayo moyo wa Grand ulipomsaliti. Haikuwa Corona, ni moyo tu, ila hospitali ilikuwa ile ile yenye milango iliyofungwa. Mkewe alimuaga kwa simu iliyoshikwa na muuguzi. Mazishi tuliyatazama kwenye skrini, watu wachache wamesimama mbali mbali makaburini, na picha ilikwama wakati jeneza linashushwa. Nililia mbele ya skrini iliyokwama.

Sasa ni lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo hutajua kwa nini niliogopa. Kwetu mjane analala sakafuni, kwenye godoro lililotandikwa sebuleni, na wanawake wanakaa naye. Kama marehemu alikuwa mwimbaji, kwaya yake inakuja kumwimbia. Baada ya kwaya, wanawake wazima wanamshika mjane mikono, wanamwinua. Mjane hajiinui. Mtoto wake hamwinui. Akishainuliwa anaoga, anakula chakula cha moto, anaanza kuishi tena. Lakini mwaka ule kwaya ingetoka wapi? Wanawake wangeingia kwa mlango gani?

Binti wa Grand, aliyekuwa akiishi na mama yake, alinipigia simu asubuhi moja. Huyu binti, ambaye huniita Tonton, yaani baba mdogo, kwa kawaida anajibu kwa Kiingereza hata ukimsalimu kwa Kiswahili. Siku hiyo alizungumza Kiswahili kitupu cha mama yake, nikajua mambo yameharibika.

“Tonton, Maman anakataa kuamka. Hakule. Dawa ya pressure anaweka pembeni. Nikimuambia aamke, anasema korali ya papa haiyakuya.”

Yaani kwaya ya baba yake haijaja. Nilimwambia nitaona la kufanya. Kwa kweli sikuona lolote. Mke wangu, aliyekuwa amesikia kila kitu, alisema tu, “Anaishi ng'ambo ya reli. Ni matembezi. Chukua ile ndogo, usimame njiani, nje ya fensi.”

Nikapandisha sauti. Nilimuuliza kama anataka nimwaibishe marehemu. Mtu aliyeshikilia nyimbo za kanisa zima, aimbiwe na kidude cha kubeba begani? Hapana! Grand ataimbiwa na ile kubwa, mtaa mzima usikie nani kaondoka. Nikaondoa pasi, nikaondoa nguo, nikaondoa kitambaa. Nikainama, nikashika kishikio cha kushoto.

Na hapo nikangoja.

Sijui niliinama vile kwa muda gani. Mkono wangu ulikuwa unangoja upande wa pili unyanyuke, kama ulivyonyanyuka kila Jumapili. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na mimi nilikuwa kidole hicho, nimeinama sebuleni kwangu. Mke wangu alinisogelea. Alinivalisha ile ndogo begani, akaifunga kamba vizuri kama anayemfungia mtoto mkoba wa shule, akanipa barakoa.

Nilitembea na gitaa mgongoni. Karibu na stesheni askari wawili walinisimamisha, wakauliza ninakwenda wapi na kile begani ni nini. Nikasema niko kwenye mazoezi, na kile ni amplifaya. Mmoja akainama kukitazama. “Ndogo hivyo?” aliuliza. Hata polisi! Nikamwambia ndogo hivyo hivyo, wakaniacha niende.

Nyumba yao ina uwanja mdogo wa majani mbele, fensi fupi na ngazi za saruji mlangoni. Nilisimama njiani, nikaweka kile kisanduku juu ya nguzo ya fensi, nikachomeka. Sikupiga solo. Nilipiga akompa, sehemu yake yeye, ya wimbo aliopenda tuufunge nao ibada. Vidole vilikuwa baridi. Mtaani jirani mmoja alikuwa anakata majani kwa mashine, na wale ndege weusi kwa weupe wa huku walikuwa wanapiga kelele kwenye waya za umeme. Nilijua mwenyewe kwamba sauti haifiki mbali.

Dirisha likafunguka kidogo. Binti akatoa kichwa.

“Tonton, Maman anasema hasikie.”

Nikaongeza sauti, nikaanza tena mwanzo wa wimbo. Dirisha likafunguka tena.

“Anasema hasikie.”

Nikazungusha kitufe mpaka kikagoma. Kile kisanduku kikaanza kukwaruza kama redio yetu ya kambini. Nilijua kwamba nikishindwa hapa, hakuna kwaya nyingine itakayokuja, na mama huyu ataendelea kulala pale chini na dawa zake pembeni. Niliilaani ile kubwa iliyobaki nyumbani, na mtengenezaji wake, na vishikio vyake.

“Mwambie ndiyo mwisho wake,” nilimwambia binti. “Mwambie hakiendi zaidi ya hapo.”

Kichwa kikarudi ndani. Nikapunguza sauti mpaka pale ambapo kisanduku kinasema vizuri, kwa sababu kama ni kushindwa, basi nishindwe kwa sauti safi. Nikaendelea kupiga. Nilipiga ubeti wote, nikarudia. Mashine ya jirani ikanyamaza, au labda ilikuwa imenyamaza zamani.

Mlango ulifunguka polepole. Alitoka mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono, kitenge kimefungwa kifuani, shavu moja lina alama za mikunjo ya shuka. Binti yake alikuwa nyuma, mikono mbele, hajui amguse au asimguse. Mama alishuka ngazi moja, akasikiliza. Akashuka nyingine. Akavuka majani kwa miguu mitupu hadi mahali ambapo mtu anaweza kusikia akompa inavyopumua, akasimama upande wake wa fensi, nami wangu.

Nikitazama nyuma nashukuru kwa mengi. Nashukuru kwa mke asiyejali nikinuna. Nashukuru kwa askari aliyeniacha nipite. Lakini zaidi namshukuru Mungu kwa udhaifu wa kile kisanduku. Ile kubwa ingemfikia palepale godoroni. Angesikia kila kitu amelala, angelia, na angebaki amelala.

Alitazama kile kidude juu ya nguzo.

“Ni hii ndogo alikuwa anasifu kila jioni?”

“Ndiyo, Mama.”

“Na ile kubwa yenu?”

Nilitaka kumjibu kiume. Nikaishia kutazama nyuzi za gitaa.

“Haina mtu wa upande wa kulia, Mama.”

Aliitikia kwa kichwa. Aliweka mkono juu ya fensi, karibu na kisanduku, bila kukigusa.

“Basi piga,” alisema. “Hapa niko nasikia.”

Nikapiga, na yeye ndiye aliyeanzisha wimbo.