Vitabu Vilivyonuka Moshi

Luka Chiwanga alikuwa mwinjilisti wetu hapa Ihumwa. Kila aliposikia mahali wanataka kuchoma vitabu chakavu, alipanda baiskeli akafika kabla ya kiberiti. Alivifuata hadi Bahi na Kibakwe: vitabu vya nyimbo za Kigogo, vya kujifunzia kusoma, kalenda za misheni. Vingine ndivyo vilivyokuwa nakala za mwisho. Mkewe, Dorkasi, alivipanga kwenye dari la jikoni kando ya mbegu za mtama, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Vilikaa pale miaka yote, vyeusi kwa masizi.

Kisha mjini kikaanzishwa chama cha wenye maktaba za nyumbani. Luka alikitamani kama kijana anayetaka kuoa. Hakuwa akitafuta cheo. Alitaka, siku akifa, wawepo watu wanaojua kwamba vile vitabu si kuni.

Desturi ya chama ni kwamba mwombaji hukaguliwa maktaba yake kwanza. Mwenyekiti, Bwana Ernest, akaja na kamati yake, amevaa shati lililonyooshwa. Alipanda ngazi, akashika kitabu kwa vidole viwili, akakinusa. Akasema hii ni hazina, ila maktaba hainuki moshi. Mzee ajenge chumba, aweke rafu, na kamati itarudi mvua zikiisha.

Luka akatii. Akabomoa zizi la mbuzi, akajenga chumba cha matofali pale pale, sakafu ya udongo, rafu zimeegemea ukuta. Dorkasi alimuuliza mbuzi watalala wapi, naye akaendelea kupanga matofali. Vitabu vikafutwa masizi kimoja kimoja, mlango ukapigwa kufuli. Mvua zote Luka alikuwa akichungulia tu, anaogopa kuvigusa asije akavichafua kabla ya kamati. Nasi majirani tulimpongeza, maana sisi hupongeza chochote chenye bati jipya.

Kamati iliporudi, kuku alichinjwa. Luka akafungua kufuli, na vitabu vilikuwa vimesimama vizuri kama wanakwaya. Bwana Ernest akavuta kimoja. Jalada likabaki mkononi, udongo ukamwagikia viatu vyake. Akavuta kingine, na kingine. Mchwa walikuwa wamepanda ukutani wakavila vyote kwa nyuma. Ndipo tulipoelewa, sote kwa pamoja na kwa kuchelewa, ni nini kilichokuwa kikivilinda kule jikoni.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Huyu alikuja mara mbili, na hadi leo nina hasira nikikumbuka alivyokung'uta viatu vyake kwanza, ndipo akasema, "Pole sana, mzee. Lakini chama hupokea wenye maktaba."

Luka akamsogezea jalada tupu puani.

"Nusa, mwenyekiti. Havinuki moshi tena."

Bwana Ernest akatazama chini. Dorkasi akaleta maji ya kunawa, kwa sababu mgeni ni mgeni na kuku alikuwa ameshaiva. Wakanawa, wakala.