Miwani ya Kuzamia Nyumbani kwa Wakwe

Mkufunzi alinikabidhi miwani ya kuzamia mapema, kabla mafunzo hayajaanza, ili niizoee. "Ivae nyumbani," alisema. "Pumua kwa mdomo, kisha bana pumzi utumbukize uso kwenye maji, basi."

Mimi ni afisa uvuvi. Hadi wakati huo kazi yangu ilikuwa mabwawa ya perege huku Rungwe, ambayo ukiingia katikati maji hayakufiki kiunoni. Sasa nilikuwa nimechaguliwa kwenda Matema kujifunza kuzamia Ziwa Nyasa kwa mtungi wa hewa. Mume wangu alikuwa safarini, na mama mkwe alihitaji mtu wa kumsaidia kuvuna maharage. Nikaifunga miwani kwenye kanga, nikaenda nayo Masukulu, kijijini kwa wakwe.

Asubuhi, kwenye ile baridi yetu ya Julai, nilisimama nyuma ya jiko mbele ya pipa la maji ya mvua. Miwani yenyewe ni kioo kipana kinachofunika macho na pua, chenye mpira pembeni unaobana uso. Nikaivaa. Kabla hata sijainama, kioo kikawa cheupe. Migomba ikapotea, kisha pipa nalo likapotea.

Nikampigia mkufunzi.

"Tema mate ndani ya kioo, sugua, suuza kidogo, vaa," akasema, akakata simu kama mtu mwenye shughuli nyingi.

Nikatema. Mama mkwe akatokea mlangoni mwa jiko akiwa na mwiko mkononi.

"Mwanangu, umechefukwa?"

"Hapana, mama. Natengeneza miwani."

"Kwa mate?"

"Ndivyo wazamiaji wanavyofanya."

"Na hicho ulichokitemea ndicho unakwenda kukivaa usoni? Ee, Kyala!"

Akarudi ndani kumwomba Mungu msaada zaidi, akatoka na kipande cha kiazi mviringo. Aliwahi kumwona dereva wa lori akisugua kioo cha mbele kwa kiazi siku ya mvua. Nikasugua. Ukungu ulichelewa kidogo, lakini kiazi kiliacha michirizi, nikawa naiona dunia kama imefuliwa vibaya. Mama akaenda kuangalia chungu chake, nami nikaendelea kuinamisha uso pipani na kuuinua.

Hapo inabidi nieleze jambo moja. Mimi si Mnyakyusa, nimeolewa tu. Wanyakyusa wa zamani walikuwa na miiko mikali kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe, na ingawa vijana wengi wameshaiacha, baba mkwe wangu amebaki na yake. Hatupeani mikono. Hatuli pamoja wala hatusemezani. Nikimsikia anakohoa njiani, nachepuka kwenye migomba mpaka apite. Kwa miaka yote ya ndoa yangu, namfahamu zaidi kwa mgongo.

Basi nikainua uso kutoka pipani, maji yananitiririka, kioo kimejaa ukungu, nikaona umbo la mtu. Nikalishika mkono.

"Mama, hebu njoo karibu uniangalie. Kinaonekana cheupe na kwako?"

Nikausogeza uso wangu mpaka karibu na uso wake. Umbo likakohoa.

Kikohozi kile nilikijua. Niliuachia mkono kama kaa la moto, nikageukia ukuta na miwani yangu usoni. Nilitamani pipa linimeze. Nyuma yangu kuku mmoja alikuwa akiparua majivu.

"Wewe kuku," mzee akasema taratibu, "hivi huyu mwenzetu anaumwa macho?"

Nikafikiri kidogo. Kumjibu mzee haikuwezekana, lakini kuku alikuwa ameulizwa.

"Kuku," nikasema nikiwa nimeutazama ukuta, "mwambie mzee ni miwani ya kazini. Inaweka ukungu."

Mara simu ikaita. Mikono yangu ilikuwa imelowa, nikabonyeza ovyo, sauti ya mkufunzi ikatoka kwa kipaza sauti: "Nimesahau kukuuliza! Hiyo miwani ni mpya, umeisugua kwa dawa ya meno? Kioo kipya kina mafuta ya kiwandani. Yasipotoka, utatema mate mpaka ukauke!"

Mzee akakohoa tena. "Kuku, mwambie dawa ya meno yangu iko dirishani. Asiimalize."

Nyayo zake zikaondoka. Kutoka jikoni nikasikia mama mkwe anacheka kwa kujizuia, halafu bila kujizuia.

Nilisugua kioo kwa dawa hiyo na kidole, ndani na nje, nikasuuza, nikarudia mpaka kikawa kinateleza safi. Safari hii nilitema kidogo tu, nikasuuza, nikaulowesha uso kwanza upoe, ndipo nikavaa na kuinama. Nikaona mpaka chini ya pipa. Kulikuwa na kijiko kikubwa cha mchuzi, kile ambacho mama alikuwa amemnunia jirani tangu Pasaka akidhani amekichukua. Nilipokitoa, mama alikipokea haraka akakifuta kwa kanga.

"Jirani asijue," akasema.

Matema nilishuka na mkufunzi kwenye miamba iliyo karibu na ufuko. Kioo kilikuwa angavu. Samaki wadogo wa buluu walikuwa wengi, na mmoja akaja mpaka mbele ya pua yangu, akanitazama kwa ukali wa mwenye nyumba aliyefikiwa na mgeni asiyebisha hodi. Nikacheka. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ukicheka, mashavu yanapanda na mpira unaachia uso. Maji yakaingia mpaka kwenye nyusi. Ilibidi nikibane kioo kwa juu na kupuliza kwa pua hadi yatoke, kama tulivyofundishwa, huku mkufunzi akinionyesha kwa vidole: sawa? Nikamjibu kwa kidole: sawa. Samaki alikuwa bado yupo pale pale, ananisubiri niondoke.