Polisi, Padri na Muuza Nyama

Nilipotoka Louisville kwenda Buffalo kusomea uuguzi, nilipata kazi ya kumtunza mzee mmoja Mwingereza mtaa wa Riverside. Aliishi na binti yake katika nyumba ndogo ya mbao karibu na mto. Nilimwogesha, nikampikia uji, kisha nikaandika ripoti ya siku kwenye simu.

Mzee alipenda maongezi. Siku ya kwanza aliniambia alikuwa polisi kwa miaka sita. Siku ya pili, nikimnyoa ndevu, akasema aliwahi kuwa padri, "lakini waliniua kabla ya Krismasi." Siku ya tatu alikuwa muuza nyama.

"Ndiyo, mzee," nikawa namwitikia, kama anayembembeleza mtoto. Kwenye ripoti nikaandika: amechanganyikiwa, hajui alikuwa nani. Sikumuuliza swali hata moja.

Ofisi iliyoniajiri ilipoisoma ikampigia daktari wake simu, na mzee akaitwa kupimwa akili. Alikwenda amevaa suti ya kijivu na tai. Aliporudi alikaa kitini bila kuvua koti.

"Wamenichoresha saa," alisema. "Wakaniuliza leo ni siku gani. Nani aliwaambia nimepotewa na akili?"

"Sijui, mzee. Labda ni utaratibu tu wa ofisi."

Niliusema uongo huo huku nimepiga magoti, nikimfungua kamba za viatu.

Binti yake alitusikia kutoka jikoni. "Kwani hukumwambia kazi yako, Baba?" Akaja na kompyuta, akaiweka mezani. Kwenye skrini, mwanamume mwenye nywele nyeusi na kofia ya polisi alibisha mlango, akamwambia mama mmoja maneno mawili matatu ya msiba, akaondoka. Alikuwa mzee mwenyewe, enzi za ujana wake. Kisha akaja padri, halafu muuza nyama mwenye aproni yenye damu.

"Miaka arobaini kwenye televisheni," binti alisema. "Hakuwahi kuwa nyota. Watu walimjua sura, jina hawakulijua."

Mzee hakuwa akitazama kompyuta. Alikuwa akinitazama mimi.

"Nilidhani unajua," alisema. "Ulikuwa unaitikia ndiyo."

Zilipita wiki mbili kabla sijapata ujasiri wa kumwambia kwamba ripoti ile niliiandika mimi. Nilimwambia asubuhi, uji ukiwa bado mkononi mwangu. Aliupokea, akaukoroga muda mrefu.

"Ahsante kwa kuniambia," akasema.

Hakunifukuza wala hakunikaripia. Ila kuanzia siku ile aliongea nami habari za theluji na dawa zake tu, hadi nilipomaliza masomo na kuhamia Columbus. Polisi na padri sikuwasikia tena. Mpaka leo sijui alianzaje kuigiza, wala nani alimfundisha kubisha mlango namna ile. Nilikaa naye miezi minane, na muda wa kumuuliza ulikuwepo.