Tulipowazoesha Ng'ombe Mwendo

Juzi nilikuwa na safari ya kikazi kutoka Singida Mjini kwenda Nzega, na tulipokaribia Ulemo nikamwomba dereva anisubiri kidogo. Nilitaka kuona lilipokuwa boma letu. Nilikuta alizeti tupu, mistari mirefu ya alizeti, na mwenye shamba akaniuliza kwa upole kama nimepotea njia. Nikasema ndiyo. Ningemwelezaje kwamba hapo aliposimama ndipo tulipokuwa tukifunga ndama, na ndipo wenzangu wote waliponiacha?

Wewe uliyehama na kitanda na masufuria, nisamehe, hujui kuhama. Sisi tulikuwa watu kumi na wanne, ng'ombe arobaini na kitu, mbuzi, kondoo, kuku, na mbwa wawili wasiopatana. Malisho ya Ulemo yalikuwa yamegeuka mashamba, na baba alikuwa amepata eneo upande wa Itigi. Watu na vyombo wangepanda lori, ng'ombe wangetembea siku nyingi. Na ng'ombe hafundishwi safari siku ya safari. Mwezi mzima baba na kaka yangu waliwaswaga kila asubuhi kuelekea kusini, leo hadi mtoni, kesho kuvuka mto, keshokutwa mbali zaidi, ili kwato zikomae. Jioni mimi ndiye niliyewalambisha magadi. Kiganja kilichubuka kwa zile ndimi zao, nami nikawa nakionyesha shuleni kwa majivuno.

Nyumbani kulinukia mlenda. Bibi aliyaanika majani juu ya paa, juu ya mawe, hata juu ya baiskeli ya baba, maana hakuamini kwamba huko tuendako mlenda unaota. Mama alisaga unga wa uwele wa njiani. Mimi nilisuka tenga la kuku, na nilipolimaliza nikaketi kando yake kujipima, kwa sababu nilishaamua kwamba kwenye lori nitakaa hapo hapo, nisikilize kuku wangu mpaka Itigi.

Wiki moja kabla ya kuondoka baba aliniita zizini. Alikuwa ameweka mkono juu ya mgongo wa ng'ombe mwekundu, aliyekaribia kuzaa.

"Huyu mwendo hauwezi," alisema. "Atabaki kwa jirani mpaka azae, ndama akaze miguu. Na wewe uko darasa la saba, mtihani huo umefika. Mtabaki wote wawili."

Ndivyo watu wa kwetu wafanyavyo. Mnyama asiyeweza safari huachwa kwa mtu mwema, na maziwa yake huwa ndiyo shukrani. Maziwa ya yule ng'ombe ndiyo yangenilea na mimi. Nikauliza nitawafuata lini.

"Atakayekuja kumchukua ng'ombe atakuchukua na wewe."

Nililishika neno hilo kwa mikono miwili. Siku ya lori sikulia. Mdogo wangu, ambaye nilimbeba mgongoni mpaka akaanza kutembea, alipandishwa akakaa ubavuni mwa tenga, mahali pangu, akicheka. Vumbi lilipotulia nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia pale bomani: kimya.

Jirani alikuwa mama mwema, tena mcheshi, na alinipa mnofu kabla ya watoto wake. Mwalimu alinisifu mbele ya darasa kwa ujasiri wangu. Hakujua kwamba nilikuwa nalia wakati wa kumchunga ng'ombe, na alipozaa, wakati wa kumkamua, nikiwa nimeegemeza kichwa ubavuni mwake.

Kaka alikuja wiki mbili kabla ya mtihani. Kulikuwa na familia nyingine iliyokuwa ikipitisha mifugo kwenda kusini, na baada ya hao asingepata wenzake wengine wa njiani. Ndama alikuwa amekaza miguu, akamfungua pamoja na mama yake waondoke. "Baba amesema usikose mtihani," aliniambia, hanitazami. "Nitarudi." Hakurudi. Kazi zilimzidi, kisha matokeo yakatoka, nikachaguliwa sekondari huku huku wilayani Iramba. Jirani akapiga vigelegele. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa chini.

Nilifika kwao likizo ya kidato cha pili. Unaona, nimeshasema kwao. Bibi alinishika uso akaniita kwa Kinyiramba, na kwa dakika hiyo nilikuwa nyumbani. Kisha mdogo wangu akanipokea begi, akapiga goti, "Shikamoo, dada," akaniletea maji ya kunawa. Mama akachinja kuku. Kwetu mtoto wa nyumbani hachinjiwi kuku kwa kuwa tu amerudi. Nilikula.

Alfajiri nikaamka, nikachukua ndoo ya kukamulia. Mdogo wangu akaitoa mkononi mwangu kwa adabu.

"Dada, we pumzika tu. Hawa hawakujui, watakupiga teke."

Watu huniambia nilibahatika kusoma, na ni kweli, nilisoma. Bibi amekwisha kuondoka duniani, ng'ombe wengi wameuzwa, na boma la Ulemo ni alizeti. Hayo yote nimeyazoea. Lakini watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilikaa siku tisa, msimu wa palizi. Kila asubuhi walichukua majembe yao ukutani wakaenda shamba, na hakuna aliyenipa langu.